Hati ya ATA haitoshi kuvusha gitaa la mwaka 1963

Usilipakie gitaa hilo. Umeandika kwamba ziara inaanza mwezi ujao, kwamba mwanamuziki mkongwe unayemhudumia anataka kulipiga gitaa lake la mwaka 1963 katika kila nchi, na kwamba wakala wa usafirishaji amekuhakikishia kuwa hati ya ATA, ile ya forodha ya kuingiza vitu nchini kwa muda bila kulipa ushuru, inamaliza kila kitu. Nilipokuwa fundi wa magitaa wa mpigaji mwingine wa roki niliambiwa maneno hayo hayo, na gitaa likabaki forodhani.

Hati ya ATA inahusu ushuru tu: inaahidi kwamba vyombo vilivyoingia vitatoka bila kuuzwa, wala haiulizi vimechongwa kwa mti gani. Magitaa mengi ya Fender na Gibson ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yana ubao wa freti, yaani ule wa shingoni ambapo vidole hubana nyuzi, wa Dalbergia nigra kutoka Brazili, mti wa jamii moja na mpingo, ambao tangu mwaka 1992 umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka; kiambatisho hicho kina ulinzi mkali kuliko vingine. Watakuambia vyombo vya muziki vilisamehewa mwaka 2019. Ni kweli, lakini msamaha huo uliwahusu jamaa zake walio katika Kiambatisho cha Pili; mti huu haukuguswa.

Ofisa aliyetukagua hakuwa mkali. Alimulika ubao wa freti kwa tochi, akapitisha kidole kwenye michirizi myeusi ya mti, akaomba cheti cha CITES, na nilipompa hati ya ATA alinirudishia bila kuifungua. Wakala, nilipompigia simu, alijibu kwamba mambo ya miti hayamhusu. Mtu anayelipwa kuvusha vyombo mipakani anathubutuje kusema hivyo? Bado nina hasira naye, kwa sababu aliyeadhibiwa ni mzee wa watu, aliyepanda jukwaani na gitaa la kuazima lenye shingo nyembamba, na katika nyimbo za taratibu nikamwona akiangalia vidole vyake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Basi ombeni kwanza cheti cha CITES cha vyombo vya muziki kwa mamlaka ya nchi anakoishi mwenye gitaa, mkiambatanisha ushahidi kwamba lilitengenezwa kabla ya 1992: namba yake, picha, risiti za zamani, au barua ya fundi anayezijua mbao. Kikitolewa, hutumika kwa safari nyingi hadi miaka mitatu. Cheti halisi kikae kwenye mkoba wako wa mkononi, na kigongwe muhuri kila mnapotoka na kuingia, hata kama ofisa amechoka na anawaashiria mpite. Kisipopatikana kabla ya safari, gitaa la 1963 libaki nyumbani, na mzee achague sasa jingine ambalo kiwanda kimetaja mbao zake zote, ili apate muda wa kulizoea.