Mkuu, usifunge hizo chupa za bia Jumapili

Acha. Rudisha vizibo kwenye mfuko wake, kaa chini, soma hii kwanza, maana hizo chupa zinaweza kukupasukia.

Salamu tutapeana siku nyingine, maana leo ni Alhamisi na wewe unafunga Jumapili. Umeandika bia yako ilianzia 1.076 kwenye haidromita (kile kipimo cha kuelea, namba ikishuka ujue sukari inaliwa), ikashuka mpaka 1.015, juzi ukatia gramu 200 za hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu na harufu, aina ya Citra na Mosaic, kidude cha kutolea hewa kimenyamaza tangu jana, na kikaratasi cha kwenye boksi la vifaa vya kupikia bia kinasema siku ya 14 ndiyo siku ya chupa. Halafu ukauliza mambo manne: maji ya bomba ya Columbus yanafaa au hayafai, maganda ya machungwa yataongeza harufu au yataharibu, sukari ya kuwekea gesi ni kiasi gani, na kama ni sawa kutunza chupa chumbani kwa mtoto kwa sababu ndiko kwenye joto zuri.

Chumbani kwa mtoto. Nilikuwa nasoma nimesimama, hapo nikakaa.

Mimi niko Texas, nje kidogo ya Dallas. Agosti ya mwaka juzi nilikuwa na bia kama hiyo yako, na kikaratasi kama hicho chako, na kichwa kigumu kuliko hicho chako. Nilipika galoni tano, yaani lita 19. Kimea cha shayiri pauni 14. Hopsi chache mwanzo wa kuchemsha kwa ajili ya uchungu, nyingi nikazibakiza mpaka moto umezimwa na sufuria imepoa kidogo, kwa sababu yale mafuta yenye harufu ya balungi na chenza ukiyachemsha yanaondoka na mvuke, unabaki na uchungu mtupu. Hiyo sehemu niliipatia, na nitaendelea kusema niliipatia hata mke wangu akisikia.

Ikaanzia 1.074. Siku ya nane haidromita ikasoma 1.014, siku ya tisa 1.014 vilevile. Imetulia, kilevi karibu asilimia 8. Ndipo nikamwaga wakia nane za Citra, gramu 227, kwenye ndoo ileile. Siku tano kidude kimya, hata povu moja la kubahatisha hakuna. Siku ya 14 nikafunga chupa 47, nikazipanga kwenye maboksi gereji, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Mjomba akajibu kwa sauti kwamba ukoo umepata mpishi. Ile sauti bado ninayo, naisikiliza nikitaka kujiadhibu.

Harufu ilikuwaje? Unafungua ndoo unakutana na danzi lililokatwa sasa hivi, na embe kwa nyuma. Ila kwa mbali kulikuwa na harufu ya siagi, kama bisi za sinema. Nikaisikia vizuri kabisa. Ile siagi ilikuwa inaniita kwa jina, nikaitika "naam" nikaendelea kupiga vizibo.

Siku ya 11 tangu nifunge, Jumamosi, saa nane mchana, nje nyuzi 38, na gereji ya Texas wakati huo ni tanuri lenye mlango. Niko sebuleni nasikia tah! Nikadhani ni mlango wa jirani. Ikaja tah-tah, halafu mlio mmoja mzito kama mtu kapigilia sufuria ukutani. Jirani yangu alikuwa anaosha gari lake. Akalala chini nyuma ya tairi. Texas, mkuu, watu hawasubiri kuhakikisha. Akapiga 911, namba ya dharura.

Chupa moja ikipasuka ndani ya boksi inaipiga ya jirani yake, na ya jirani tayari imejaa gesi, basi zinapokezana. Zilipasuka 13. Kipande kimoja cha kioo nilikikuta kimechoma kwenye mbao za dari. Dari! Na binti yangu alikuwa ametoa baiskeli yake pembeni ya yale maboksi kama dakika kumi kabla. Hapo huwa nanyamaza kidogo ninaposimulia, kwa hiyo hata hapa naruka.

Tuje kwenye mabegi. Shemeji yangu alikuwa anaolewa Moshi, na kuna mama mmoja wa kanisani alikuwa anasafiri wiki inayofuata, amekubali kutubebea mabegi mawili. Mke wangu alikuwa ameyapanga wiki nzima. Lesi nyeupe ya wasimamizi wa bibi harusi, viatu jozi nane, laptopu ya mpwa wake aliyepata chuo, vitu vya watoto. Akayaweka gereji yasizibe njia, karibu na maboksi ya mume wake mtaalamu. Begi moja halikuwa limefungwa zipu. Unajua zile chembe za kijani za hopsi zinazobaki kwenye bia? Zikikauka kwenye lesi nyeupe hazitoki. Tumejaribu kila sabuni. Laptopu ikanywa mpaka ikafa. Jumla tulipiga hesabu ikafika dola 1,140, na hapo hujaweka simu ya saa nzima ya mama mkwe, ambaye aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwani huko Marekani bia haziuzwi?"

Polisi alipofika nilikuwa nimechanganyikiwa, nikaanza kumsomea sheria: kwamba tangu ile aliyosaini Rais Carter mwaka 1978 mtu anaruhusiwa kupika bia kwake, galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, na mimi nimepika tano tu. Hakuwa ameuliza hilo. Alikuwa ameuliza kama kuna mtu ameumia.

Zikabaki chupa 34 nzima, kila moja ikiwa bomu. Nikanunua barafu mifuko sita kituo cha mafuta, nikarusha blanketi juu ya maboksi, nikamwaga barafu juu yake, kwa sababu bia ikipoa gesi inatulia kidogo. Usiku nikaingia nimevaa koti la baridi, Agosti hiyo, na kofia ya baiskeli ya mtoto, miwani ya kukatia majani, glavu za oveni, nikaanza kufungua moja moja chini ya taulo. Kila kizibo kikiachia, bia inaruka kama bomba la mtaani limepasuka. Mke wangu alichukua video. Ipo kwenye kundi lilelile la familia.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu ndicho kinachotokea kwenye ndoo yako muda huu unaposoma.

Hamira ikimaliza sukari inayoiweza, inabakisha sukari ndefu ndefu ambazo haina meno ya kuzitafuna. Ndiyo maana bia yako inasimama kwenye 1.015 badala ya kushuka zaidi. Sasa wewe unakuja na hopsi mbichi, hazijapita kwenye moto. Hopsi ni maua, zina vimeng'enya ndani yake, na vile vimeng'enya vinaanza kuzikata zile sukari ndefu vipande vidogo. Hamira iliyokuwa imelala inaona imeandaliwa chakula upya. Inaamka. Ila inakula taratibu sana, siku nyingi, kwa hiyo kidude chako hakitoi povu, gesi inapenya pembeni ya mfuniko tu. Na ile siagi ni dalili kwamba hamira imerudi kazini. Wapishi wa Marekani wanasema hopsi "zinatambaa". Zangu hazikutambaa, zilipanda ukuta.

Nilipima moja ya zile zilizobaki, baada ya kuitikisa gesi yote itoke: 1.009. Kutoka 1.014. Nukta tano. Kila nukta inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa inatoa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Sukari niliyoweka mwenyewe ilikuwa imeshanifikisha kwenye lita mbili na nusu hivi za gesi kwa kila lita ya bia, ambayo ni kawaida. Ongeza mbili na nusu nyingine. Hiyo inakaribia gesi ya shampeni, na shampeni wanaitilia kwenye chupa nene yenye kizibo kilichofungwa kwa waya. Mimi nilikuwa na chupa za kuokota kwenye sherehe za Wakenya.

Nikarudi dukani. Yule kijana aliyeniuzia, ndevu mpaka kifuani, ndiye aliyeniambia kwa mdomo wake, "Siku 14, mapovu yakikata, funga." Nikamsimulia. Unajua alinijibu nini? Akacheka, akasema ah, hilo linajulikana, hopsi zako zimetambaa. Linajulikana! Linajulikana na nani, na kwa nini halikujulikana siku ile nimeshika wakia nane mkononi na yeye anapiga hesabu ya kadi yangu? Nikaenda kusoma. Kumbe Waingereza wawili, Brown na Morris, waliliandika mwaka 1893. Mwaka 1893, mkuu, Mangi Meli, chifu wa Wachagga, anapambana na Wajerumani pale kwetu Moshi! Na Chuo Kikuu cha Oregon State wamelirudia miaka ya karibuni kwa vipimo vya kisasa, jibu ni lilelile. Na mwandishi wa kikaratasi cha boksi bado anaandika "siku 14" kana kwamba hamira inasoma kalenda. Anauza boksi lenye hopsi za kutia bila kuchemsha na haandiki mstari mmoja. Mmoja tu! Nafasi ya kuandika "furahia na marafiki" alipata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimekulia kwenye pombe. Bibi yangu alipika mbege maisha yake yote: ndizi, ulezi uliooteshwa, msesewe, lile gome la mti, wa kutia uchungu kama hawa wanavyotia hopsi. Hakuwahi kumiliki haidromita, na hakuwahi kulipukiwa na kitu. Kwa nini? Kwa sababu mbege inanyweka ikiwa bado inatokota, kwenye kata, chombo kiko wazi. Bibi hakuwahi kufunga kitu kilicho hai ndani ya kioo. Hilo wazo ni letu sisi wenye vyeti.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote ukiyakosea utakunywa bia mbaya tu: ukitia hopsi, hesabu inaanza upya. Ile 1.015 uliyosoma kabla ya kutia haina maana tena, ifute. Acha ndoo kwenye joto la kawaida la nyumba, nyuzi 20 hivi, usiipeleke kwenye baridi ukidhani umeikomesha. Baridi inailaza hamira, haiiui, na chupa zikirudi kwenye joto inaendelea ilipoachia. Pima. Toa sampuli kwa kibomba cha chini, usifungue mfuniko kila saa, maana hewa ikiingia ile harufu ya machungwa inageuka boksi lililolowa na rangi inakuwa ya chai ya rangi. Tikisa sampuli gesi itoke ndipo uzamishe haidromita. Ikishuka, subiri. Ikisimama namba ileile siku tatu mfululizo, na harufu ya siagi hakuna, hapo tuzungumze habari za vizibo. Inaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Watakuja watu hapa chini kukuambia hopsi zikikaa muda mrefu bia inaonja majani. Kweli, inaweza. Majani hayachani mtu uso.

Siku ukifunga, jaza na chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo. Iminye kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe wakati hujategemea, unajua kinachoendelea kwenye za kioo kabla hazijakwambia zenyewe. Hili la plastiki nimelifanya kila mpiko tangu siku ile, na mke wangu ndiye anayeminya. Haniamini, na sina hoja.

Sukari: gramu 110 za sukari ya mahindi kwa lita 19 zinatosha, pima kwa mizani. Kikombe kinadanganya. Maganda achana nayo, ukiwa na Citra gramu zote hizo unataka machungwa ya nini tena, utakuwa unatia maji mtoni. Kama lazima, basi ile ngozi ya rangi ya juu tu, nyeupe ya ndani ni uchungu wa dawa. Kuna kitu kingine uliuliza, kimenitoka, nitarudi.

Pima leo usiku. Pima tena Jumamosi asubuhi. Andika hizo namba mbili hapa hapa kabla hujagusa kizibo, nitakuwa macho. Na kama umeshapanga chupa tupu kule chumbani kwa mtoto, zitoe leo, usije ukazizoea kuziona pale.