Nilimsingizia jirani kwa gunzi langu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Ni kichezeo gani cha kutafuna ulichompa mbwa wako, kikadumu na kisimdhuru?" Niliposoma nilicheka. Nikamsomea mama watoto, naye akacheka, kisha akanyamaza, akasema, "Waandikie ya gunzi." Hapo kicheko kikaniisha.

Nianze na msimamo wangu. Nimefuga mbwa tangu nikiwa kwa baba yangu, na sijawahi kuona mbwa wa kwetu akinunuliwa toi. Mbwa alikuwa na kazi: usiku abweke, mchana alale chini ya mwembe. Kichezeo chake kilikuwa kandambili ya mgeni, na mgeni alionywa mapema asiiache mlangoni. Kwa hiyo mkiniuliza ninunue kipi, jibu langu ni kwamba usinunue kitu. Shika ufagio, pita uani, okota. Mbwa hafi kwa kukosa toi, anakufa kwa vile tunavyotupa.

Haya, gunzi.

Nakaa Kihonda, Morogoro. Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi mabichi yamejaa, wajukuu wamekuja likizo. Kila jioni jiko la mkaa linatolewa nje, mahindi yanachomwa, na kila aliyemaliza anarusha gunzi lake pale karibu na bomba. Chui, mbwa wetu mwenye mabaka, alikuwa na miezi mitano. Ni umri ambao meno ya utoto, yale 28, yanang'oka ili yaje 42 ya ukubwani. Wakati huo sikuyajua hayo. Niliokota jino lake barazani, dogo kama punje ya mchele, nikadhani watoto wamempiga, nikawagombeza wote watatu.

Alikuwa anaguguna kila kitu. Mpini wa ufagio, mpira wa kumwagilia bustani, kisigino cha raba ya mjukuu. Nikaona dawa ni mnyororo. Nikamfunga mchana kutwa, na kwa sababu ya maji nikamfunga pale pale karibu na bomba. Nadhani mmeshaona nilipomfunga. Mimi sikuona.

Alhamisi hakuja kwenye chakula. Akawa anatapika. Anakunywa maji, anayarudisha. Ijumaa akaanza kusimama kwa namna ya ajabu, kifua chini, makalio juu, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Nikajua moja kwa moja: sumu. Na mtoa sumu nilishamjua. Wiki mbili nyuma Chui alikuwa amekula kifaranga cha jirani yangu, Baba Neema, naye akasema mbele ya watu, "Huyu mbwa hamalizi mwezi."

Nikamnywesha Chui maziwa, kama wanavyofanya watu wote mtaani. Akayatapika. Nikamnywesha mafuta ya kula. Msinifuate katika hilo, daktari alinisema vibaya baadaye, kwamba mbwa anayetapika anaweza kupaliwa na mafuta yakaingia mapafuni. Kisha usiku, saa nne hivi, nikaenda kwenye uzio wa Baba Neema nikasema maneno ambayo hamuwezi kuyachapa. Nilitaja mwenyekiti wa mtaa. Nilitaja polisi. Nilitaja na ukoo wake, Mungu anisamehe.

Akatoka na tochi, amejifunga msuli, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Baba Eliza, sumu ya kuulia mbwa haisubiri siku mbili. Mpeleke hospitali." Akarudi ndani.

Asubuhi nikatafuta bajaji. Ya kwanza ilipomwona mbwa ikaondoka bila hata kujibu. Ya pili dereva akasema ana mzio. Wa tatu akakubali kwa nauli mara mbili na kiroba cha kutandika. Morogoro tuna bahati, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wako hapa hapa mjini wanafundisha madaktari wa mifugo, kwa hiyo daktari wa mbwa si mtu wa kumtafuta kwa tochi. Niliyempata alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Akampapasa Chui tumboni taratibu kwa vidole, macho juu, kama anayetafuta sarafu iliyozama chini ya gunia la mchele. Akasimamisha vidole. "Mzee, nyumbani mnakula mahindi?"

Niliudhika. Nimeleta mbwa aliyelishwa sumu, naulizwa habari ya chakula!

Wakampiga eksirei. Gunzi lenyewe halikuonekana vizuri, ila utumbo wa juu ulikuwa umevimba kwa gesi, na hiyo ilimtosha. Akapasuliwa siku hiyo hiyo. Baadaye binti akaniletea kile kitu kwenye bakuli la bati: kipande cha gunzi, urefu wa kidole gumba, matundu ya punje bado yanahesabika, kama kimetoka barazani kwangu saa hiyo. Alinieleza kwamba tumbo la mbwa haliwezi kumeng'enya gunzi. Linaweza kukaa kwenye mfuko wa chakula siku nyingi, hata wiki, bila mbwa kuonyesha dalili, ndipo linateremka linaziba utumbo kama kizibo. Kokwa la embe vile vile. Nililipa bei ya mbuzi wawili.

Kwa Baba Neema nilikwenda Jumapili na debe la mahindi. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nashukuru. Magunzi nitayachoma mwenyewe, usiwe na wasiwasi." Mpaka leo akiniona sokoni mbele ya mafungu ya mahindi huwa anakohoa.

Mhariri, najua mmeuliza kuhusu vichezeo. Naja.

Siku ya kutoa nyuzi nilimuuliza yule binti nimpe nini basi huyu mbwa, maana mdomo wake haukai. Nikamtajia nilivyonavyo. Mfupa wa supu? Hapana, ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Kwato la makongoro, lile halipasuki ovyo! Akacheka, akamfunua Chui mdomo, akanionyesha gego kubwa la juu, akasema hilo ndilo linalovunjika mbwa akikaza kitu kigumu kuliko jino, na jino la mbwa likivunjika hakuna anayelia, anatafuna upande mmoja tu na wewe hujui. Kipande cha tairi la pikipiki? Kina waya ndani. Kamba ya katani? Uzi ukimezwa na ncha moja ikanasa, utumbo unajikunja kama kiuno cha suruali ya kamba ukiivuta. Nikajaribu mpira wa tenisi, nikiwa na hakika hapo nimempata. Kurusha sawa, akasema, kutafuna hapana: yale manyoya yake yakishika mchanga yanasaga meno kama msasa.

Nilitaka kumuuliza kama hewa inaruhusiwa.

Akanipa vipimo viwili, na hivi ndivyo ninavyowapa wasomaji wenzangu. Bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba: kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno. Pili, kiwe kikubwa kiasi kwamba mbwa hawezi kukiingiza chote mdomoni mpaka nyuma ya magego. Basi.

Nilipokuwa narudi ndipo nikaona tatizo la swali kama lenu. Mmefunga kamba moja mbuzi wawili wanaovutana. Kinachodumu kuliko vyote ni kwato, nalo linavunja meno. Kisichoumiza meno ni mdoli wa kitambaa, naye hafiki jioni, na kile kidude chake cha kulia kinaishia tumboni. Mimi sasa nataka kitu kinachoshindwa kidogo kidogo, mbele ya macho yangu, nikione kinavyochakaa.

Na hapa, nikiandika, naona ufagio wangu wa mwanzo nao hautoshi. Kama ningeokota magunzi yote, Chui angekula mpira wa bustani. Ufizi ulikuwa unamuwasha, amefungwa, hana rafiki, hana kazi. Gunzi ndilo lililokuwa karibu. Sikupaswa kulikasirikia gunzi, wala Baba Neema.

Kwa hiyo ndiyo, nilinunua. Ninayecheka toi za mbwa ninayo nyumbani. Eliza aliileta kutoka Dar, raba nyekundu ya kampuni ya Kong, yenye umbo kama mipira mitatu iliyobebana, na tundu katikati. Kilichonifanya niiheshimu ni asili yake. Mmarekani mmoja wa Colorado, Joe Markham, miaka ya 1970, alikuwa na mbwa wake Fritz aliyejimaliza meno kwa kutafuna mawe. Siku moja anatengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akaokota kipande cha raba cha sehemu ya springi, na hakukiachia. Wazo likaanzia hapo. Mpwa wangu ni fundi, nilipomsimulia akaniletea bure bushi tatu, yaani zile raba za springi, za gari la Noah. Nikamrudishia. Zina oili na pete ya chuma ndani, na zile za dukani si bushi, ni raba iliyotengenezwa kwa mdomo wa mbwa. Nasema hili kwa sababu najua kuna msomaji ameshasimama anaelekea gereji.

Ndani ya tundu tunajaza ugali wa jana uliochanganywa na dagaa waliosagwa, tunaiweka kwenye friza, mchana Chui ana kazi ya saa nzima. Karanga za kusaga nyumbani nazo anazipenda. Za dukani soma kwanza maandishi, zikiwa na zailitoli, ile sukari bandia, usimpe kabisa, ni sumu kwa mbwa hata kidogo tu. Vitunguu pia hapana.

Imekaa mwaka wa pili. Ukingo mmoja umeanza kumeguka, kila Jumamosi naikagua, na siku kitakapotoka kipande itakwenda jalalani, nilipie nyingine nikinung'unika.

Basi jibu langu ni hilo: raba ya namna hiyo, saizi moja juu ya unayodhani inatosha. Ila mbwa mzee mwenye meno mabovu mwulizie daktari kwanza. Ila kama hela iliyopo ni ya raba au ya chanjo ya kichaa, chanja. Ila kama mbwa amefungwa mnyororo kutwa, mfungue kwanza, raba baadaye. Na ufagio bado nausimamia, magunzi yetu siku hizi yanakwenda jikoni kuwashia moto.

Juzi mchungaji alikuja kututembelea. Chui aliiacha raba yake katikati ya ua, imejaa dagaa, akaondoka na kandambili. Mchungaji hakuwa ameonywa.

Baba Eliza,
Kihonda, Morogoro