Tutapimaje Viatu Visivyoteleza?

SWALI: Ninafundisha netiboli katika shule moja ya Embakasi, na uwanja wetu ni wa saruji. Tumechanga fedha za kuwanunulia wachezaji viatu vya mitumba Gikomba, lakini kila muuzaji hutuhakikishia kwamba vyake havitelezi. Je, twaweza kuvipima bila maabara?
Mwalimu wa michezo, Nairobi

JIBU: Mwalimu, mnaweza, mradi mpate mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, na mchanga kidogo. Tia mfuko wa mchanga ndani ya kiatu hadi vyote pamoja vifike kilo 5, funga kamba karibu na soli, kisha ukivute polepole, kamba ikiwa sambamba na ardhi, juu ya uwanja wenyewe mnaochezea. Kiatu kikianza kusogea mizani inapoonyesha kilo 4, gawanya 4 kwa 5 upate 0.8, na hicho ndicho kipimo cha msuguano kati ya soli hiyo na saruji yenu. Rudia mara kadhaa, kwani kuvuta kwa ghafla hupandisha namba, na mzigo uwe uleule kwa kila kiatu, maana raba ni laini na mshiko wake hauongezeki sawasawa na uzito unaoikandamiza.

Msiishie hapo, kwa kuwa kwenye saruji kavu na safi viatu vingi vitakaribiana. Kinachovitenganisha ni vumbi na maji. Chembe za vumbi hubingirika chini ya soli kama gololi, nayo maji huizuia raba isiguse sakafu, isipokuwa pale ambapo mifereji ya soli ina kina cha kutosha kuyapitisha pembeni. Kwa hiyo vuteni kila kiatu uwanja ukiwa mkavu, kisha ukiwa na vumbi, kisha umwagiwe maji kama unavyokuwa katika mvua za Machi hadi Mei. Mimi ningechagua kiatu kinachoshuka kutoka 0.8 hadi 0.6 na kukiacha kinachoanza na 0.9 kikaporomoka hadi 0.3. Kivuteni pia kwa ubavu, kwa sababu sheria ya hatua katika netiboli humlazimu mchezaji kusimama ghafla baada ya kudaka mpira, na mara nyingi uzito wake huelemea upande mmoja.

Mitumba ina tatizo lake: kila jozi imezeeka kivyake. Mkiwa sokoni, bonyezeni soli kwa ukucha; raba iliyokauka haibonyei, hata kama mifereji yake bado ni mipya. Patana na muuzaji akuruhusu kurudisha jozi zitakazoshindwa.

Hata hivyo, namba kubwa kupindukia nayo ina hatari, hasa kwa watoto: mguu ukinata sakafuni mwili ukigeuka, goti na kifundo ndivyo hujipinda.