Umbali wa ndege Kigoma hadi Dar: kagua hesabu yako kwa reli

Nilipoanza kazi ya kukata tiketi hapa Mwanga, Kigoma mjini, nilibandika ukutani karatasi ya umbali wa safari za ndege kutoka Kigoma, maana wateja wanapenda kuuliza. Mzee mmoja aliyestaafu reli aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikasimama kwenye Dar es Salaam: kilomita 1,682.

"Mwanangu," akaniambia, "treni inazunguka Tabora, Dodoma, Morogoro, na reli yote haifiki 1,300. Hiyo ndege yako inapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile niliibandua karatasi, nikarudi kwenye hesabu.

Kosa lilikuwa alama moja. Kwenye programu za kukokotoa, latitudo (nyuzi za mahali kutoka ikweta) ya kusini mwa ikweta huandikwa na alama ya kutoa. Dar niliiandika -6.88, sawa. Kigoma nikaiandika 4.89 bila alama, uwanja wetu ukahamia kaskazini mwa ikweta. Na ubaya wake ni kwamba ukiisahau kote kuwili, jibu la Dar linatoka sahihi kabisa, kwa hiyo huwezi kushtuka. Utaumbuka siku ya kupima Juba: iko kaskazini karibu nyuzi zilezile ambazo Kigoma iko kusini, na bila alama itaonekana jirani wa kilomita 214. Umbali wenyewe ni kama 1,100.

Angalia na dakika pia, yaani vipande 60 vya kila nyuzi moja. Ramani ikisema nyuzi 4 dakika 53, usiandike 4.53. Gawa 53 kwa 60, utapata 0.88, hivyo ni 4.88.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiamini namba ya mashine kabla hujaipiga kwa mkono. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu, kwa sababu umbo la duara la dunia halitusumbui sana kwa safari za ndani. Nyuzi moja ni kama kilomita 111. Kigoma na Dar zinatofautiana nyuzi 2 za latitudo, ambazo ni kilomita 222. Longitudo, yaani nyuzi za mashariki na magharibi, zinatofautiana 9.53, zidisha kwa 111, kisha kwa 0.995, ambayo ni kosaini ya latitudo ya katikati, unapata 1,053. Sasa ni Pythagoras wa sekondari: zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Kwenye kikokotoo cha simu inatoka 1,076. Programu nzuri itakupa 1,077.

Ukikutana na 581, hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani. Zidisha kwa 1.852.

Wengine huniuliza kama ndege ikipitia Tabora inazunguka sana. Hapana. Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 351, Tabora hadi Dar 732, jumla 1,083. Zimeongezeka sita tu! Kinachokula muda pale ni kutua na kuruka tena.

Karatasi niliyobandika badala ya ile ina safu mbili. Kwenye mstari wa Dar, safu ya ndege inasoma 1,077, na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika ya reli: kama 1,250.