Wastani Kwanza: Ushauri kwa Anayeanza Kukadiria kwa Krigi Sahili

Wengi wanaoniuliza kuhusu krigi sahili, yaani njia ya kukadiria thamani ya mahali pasipopimwa kwa kutumia sampuli za jirani na wastani unaojulikana, hutaka kwanza kujua ni programu gani itakayowatatulia matriksi (majedwali ya namba za milinganyo) kwa haraka. Hesabu hiyo kompyuta yoyote huimaliza kufumba na kufumbua. Kinachoamua kama makadirio yatafaa ni tamko unalolitoa kabla hujakokotoa chochote, yaani kwamba unaujua wastani wa kile unachokipima, na kwamba wastani huo haubadiliki katika eneo lote la kazi. Tamko hilo ndilo linaloitenga krigi sahili na krigi ya kawaida, isiyodai kuujua wastani huo, na kwa uzoefu wangu ndilo ambalo watu hulipitia juu juu.

Mbinu hii ina asili ya migodini. Mwaka 1951 Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, alishughulikia makadirio ya dhahabu ya Witwatersrand, akaonyesha kwamba sehemu ya mwamba iliyozungukwa na sampuli tajiri kwa kawaida hutoa dhahabu pungufu kuliko sampuli hizo zinavyoahidi, na kwa hiyo makadirio yake hayana budi kuvutwa kuelekea wastani wa mgodi. Georges Matheron wa Ufaransa aliijengea jambo hilo nadharia kamili katika miaka ya 1960 na kuipa jina la Krige. Ukiukumbuka mvuto huo wa kuelekea wastani, umeshaelewa nusu ya krigi sahili.

Kinachofanyika ni hiki: wastani huondolewa kwenye thamani ya kila sampuli ili ubaki mkengeuko wake, mikengeuko hupewa uzito, hujumlishwa, kisha wastani hurudishwa. Uzito hupatikana kwa milinganyo inayotazama mambo mawili kwa pamoja, yaani kovariansi (kipimo cha jinsi thamani mbili zinavyobadilika pamoja) kati ya kila sampuli na mahali pasipojulikana, na kovariansi za sampuli zenyewe kwa zenyewe. Jambo hili la pili ndilo linalozuia sampuli kumi zilizorundikana pembe moja zisihesabiwe kama mashahidi kumi wanaojitegemea.

Tuchukue mfano ambao mtu anaweza kuukokotoa kwa kalamu. Tunakadiria asilimia ya mfinyanzi katika udongo. Wastani ni 20, variansi (kipimo cha mtawanyiko wa thamani) ni 16, na uhusiano hupungua kieksiponenti kadiri umbali unavyoongezeka, kiasi kwamba kufikia mita 300 umebaki karibu asilimia 5 tu. Sampuli A, yenye 26, iko mita 50 upande mmoja wa mahali tunapopataka. Sampuli B, yenye 18, iko mita 100 upande wa pili, kwenye mstari huohuo. Uhusiano wa A na mahali hapo ni 0.607, wa B ni 0.368, na wa A na B ni 0.223. Ukiitatua milinganyo miwili inayotokana na namba hizo, A inapata uzito wa takriban 0.552 na B 0.245. Mikengeuko ni 6 na −2, hivyo makadirio yanakuwa karibu 22.8.

Sasa jumlisha uzito huo: unapata takriban 0.80. Ile 0.20 iliyobaki ni sehemu ya wastani. Kama ungetangaza wastani kuwa 24 badala ya 20, makadirio yangepanda hadi karibu 23.6, ilhali hakuna sampuli iliyobadilika. Na kadiri unavyokwenda mbali na data ndivyo sehemu hiyo inavyokua, mpaka nje ya masafa ya variogramu (mchoro unaoonyesha jinsi tofauti za thamani zinavyokua kadiri umbali unavyoongezeka; masafa yake ni umbali ambao uhusiano huwa umekwisha) ramani yako inakuwa haisemi kitu zaidi ya wastani ulioutia mwenyewe. Ndiyo maana huwa natilia shaka ramani laini yenye rangi moja kwenye kingo zake: huenda ni ardhi isiyo na mabadiliko, lakini mara nyingi ni maoni ya mchoraji.

Basi wastani utoke wapi? Usichukue tu wastani wa sampuli zako bila kutazama zilivyotawanyika, kwa sababu wapimaji hupenda kuchimba zaidi pale palipoonekana pazuri, na wastani wa namna hiyo huegemea upande wa juu. Gawa eneo katika miraba, tafuta wastani wa kila mraba wenye sampuli, kisha wastani wa miraba hiyo. Ukiwa na vipimo vingi vya awali vya eneo hilohilo, vitumie. Na kama thamani zinapanda waziwazi kutoka upande mmoja hadi mwingine, ondoa kwanza mwelekeo huo na ufanyie krigi mabaki, ambayo wastani wake ni sifuri. Usipoweza kuutetea wastani wako kwa njia yoyote kati ya hizi, tumia krigi ya kawaida, ambayo hulazimisha uzito ujumlike kuwa 1 na hivyo haikuulizi swali hilo.

Kuhusu variansi ya makadirio, yaani kiasi cha shaka ambacho mbinu yenyewe hukitabiri, katika mfano wetu ni takriban 9.2, yaani mkengeuko sanifu (kipeuo chake cha pili) wa karibu 3. Wengi hudhani namba hii inaeleza kila shaka iliyopo, lakini inategemea tu mahali zilipo sampuli na umbo la variogramu. Sampuli A ingekuwa na 46 badala ya 26, variansi ingebaki ileile. Isitoshe, inachukulia kwamba wastani na variogramu ni sahihi kabisa, kwa hiyo ukiwa na sampuli chache ichukue kama kiwango cha chini cha shaka yako.

Kabla ya kumkabidhi mtu ramani, ondoa sampuli moja baada ya nyingine, kadiria kila iliyoondolewa kwa kutumia zilizobaki, kisha gawanya kila kosa kwa mkengeuko sanifu uliotabiriwa. Wastani wa majibu hayo ukiwa mbali na sifuri, rudi kwenye wastani ulioutangaza. Variansi yake ikizidi 1 kwa mbali, variogramu yako inajiamini kupita kiasi, na mara nyingi tatizo liko kwenye tofauti za umbali mfupi ambazo sampuli zako hazikukaribiana vya kutosha kuziona.