Ndege wahamaji Lubumbashi: watazameni mwezi wa tatu, wakijiandaa kuondoka

Ndugu yetu ameuliza kama mkaaji wa Lubumbashi anaweza kuonja wanachokipata watu wa New York, ambao kila majira ya kuchipua huenda Central Park kuwatazama ndege wahamaji wanaotua humo kupumzika. Kwa uzoefu wangu wa miaka tisa, anaweza, ila ajue kwamba wao hupokea wageni wanaotoka kusini, nasi huwaaga. Kuanzia mwisho wa mwezi wa pili hadi katikati ya mwezi wa nne, mvua zikielekea kwisha, ndege waliokimbia baridi ya Ulaya hujiandaa kurudi huko kuzaa.

Anza na mbayuwayu, kwa kuwa hahitaji darubini ya bei kubwa. Simama karibu na maji, mimi hupenda ukingo wa ziwa Tshombe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwachunguze waliopangana kwenye nyaya za umeme. Hapa wengi hukosea, nami nilikosea kwa misimu miwili mizima, maana tunaye mbayuwayu mwenyeji wa Angola na nchi zetu hizi anayefanana sana na mgeni. Tazama kifua: mgeni ana koo jekundu lililofungwa chini kwa mkanda mpana wa buluu iliyoiva, kisha tumbo jeupe au la rangi ya maziwa, kwa mwenyeji wekundu hushuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba na umekatika katikati, na tumbo lina rangi ya majivu. Mgeni hufika akiwa na manyoya yaliyochakaa, akayabadilisha akiwa Afrika, kwa hiyo mwezi wa tatu ndio anapong'aa, nyuzi mbili za mkia zikiwa ndefu kabisa. Ndege huyo ana uzito wa gramu 20 hivi. Mmoja aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912, na ndipo watu walipopata uthibitisho wa safari yenyewe.

Keremkerem wa Ulaya utamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa makundi hupita juu sana yakiitana kwa sauti laini ya kuviringika. Inua macho mara moja.

Katika miti ya bustani ya wanyama, msikilize yule kindege wa kijani na manjano ambaye vitabu vyetu vya Kifaransa humwita pouillot fitis. Miezi yote ya mvua huita kwa silabi mbili tu, lakini safari ikikaribia huanza kuimba wimbo wake wa kwao, wenye kushuka polepole hadi unyamaze, na mimi sijapata kuusikia bila kusimama.

Mwewe mwenye mdomo wa manjano usimhesabu pamoja na hao, kwa kuwa yeye huhama ndani ya Afrika yetu.

Nunua daftari, uende mahali pamoja, saa ileile, hata siku usiyoona kitu. Tarehe ya kuwaona wa mwisho ina thamani kuliko orodha ndefu ya majina, nayo haipatikani ila kwa kurudi pale kila siku hadi nyaya zibaki na wenyeji peke yao. Kwangu mwaka huu ilikuwa tarehe 14 ya mwezi wa nne: watatu, wakikausha manyoya baada ya mvua ya usiku.