Barua kwa mwanangu kuhusu mabondia waliokosa mkanda

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na mguu wa bibi yako umepata nafuu.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unasema mlibishana kazini kuhusu mabondia wakubwa wa zamani, wewe ukamtaja Sam Langford, na mwenzako akakuuliza alichukua mkanda gani wa dunia. Ukakosa la kujibu. Sasa unaniuliza mimi: mtu ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia anawezaje kuitwa bondia mkubwa? Si ni kumpa aliyeshindwa cheo cha kumpoza moyo?

Hapana, mama. Langford alikuwa mkubwa kuliko wengi waliouvaa huo mkanda, na nasema hivyo bila kusita.

Kwanza angalia mchezo wenyewe ulivyo. Kwenye riadha wakimbiaji wanapangwa mstarini, na anayefika mbele ndiye mshindi. Kwenye ligi ya mpira kila timu itakutana na kila timu, ipende isipende. Ngumi za kulipwa haziko hivyo. Bingwa ana mkanda wake, meneja wake na promota wake, na hao ndio wanaoamua nani apewe pambano la ubingwa na nani azungushwe. Unaweza kuwapiga wote wanaoletwa mbele yako kwa miaka 10, na bado mwenye mkanda akakataa kupanda nawe ulingoni. Siku hizi kuna mashirikisho yenye orodha za viwango na wapinzani wa lazima, na hata hayo yana mizengwe yake. Enzi za Langford bingwa alichagua apendavyo. Kwa hiyo orodha ya mabingwa inakuonyesha nani alishinda mapambano ya ubingwa, lakini aliyenyimwa pambano humwoni humo.

Langford alizaliwa Weymouth Falls, kijiji cha watu weusi huko Nova Scotia, Kanada. Alitoroka nyumbani akiwa bado mtoto, akafika Boston hana kitu mfukoni. Mwenye duka la dawa mmoja, Joe Woodman, ambaye pia alikuwa na klabu ya ngumi, akampa kazi ya kufanya usafi ukumbini. Huyo Woodman ndiye aliyekuja kuwa meneja wake. Langford alikuwa mfupi, sentimita 170 hivi, lakini kifua kipana, na mikono mirefu kupita kimo chake. Alianza katika uzito mwepesi akaishia uzito wa juu, akipigana na yeyote aliyekubali njiani. Mapambano yake yaliyoandikwa ni zaidi ya 200.

Desemba 1903, akiwa bado kijana mdogo, alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, mtu mweusi wa kwanza mzaliwa wa Marekani kushika ubingwa wa dunia. Halikuwa pambano la ubingwa. Septemba 1904 akakutana na Joe Walcott, mtu wa Barbados, bingwa wa uzito wa welta, ule unaofuata juu ya uzito mwepesi. Raundi 15, matokeo sare. Wengi waliokuwa ukumbini waliona Langford ndiye aliyeshinda, lakini sare humwachia bingwa mkanda wake. Hakuwahi kuukaribia tena kiasi hicho.

Kisha akaja Jack Johnson. Walikutana Chelsea, karibu na Boston, Aprili 1906. Johnson alimzidi uzito kwa zaidi ya kilo 10, akamwangusha, akashinda kwa pointi baada ya raundi 15. Utakuja kusikia wanaosema kwamba Langford ndiye aliyemwangusha Johnson siku ile. Usiwaamini. Magazeti ya wakati ule yanaonyesha wazi kwamba Johnson alishinda vizuri, na Langford hahitaji kusifiwa kwa uongo. Cha muhimu ni kilichofuata. Langford aliongeza mwili, akakomaa, na kila aliyepigana naye alijua kwamba pambano la pili lisingefanana na la kwanza. Johnson naye alijua.

Desemba 1908 Johnson akautwaa ubingwa wa uzito wa juu mjini Sydney, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Ungedhani sasa milango itafunguka kwa wenzake. Kwa zaidi ya miaka 6 aliyokaa na ubingwa, bondia mweusi aliyepewa nafasi ni mmoja tu, Jim Johnson, mjini Paris mwaka 1913. Langford alimwandama huku na huku. Hoja ya Johnson ilikuwa fedha: watu weusi wawili hawataleta mapato kama anayoyapata akipigana na mzungu. Mimi simlaumu Johnson kwa ukali kama wanavyomlaumu wengine. Aliishi akiwindwa na serikali ya nchi yake mwenyewe, na kila senti aliitolea jasho. Ila ukiniuliza kama alimkwepa Langford, nitakujibu ndiyo, alimkwepa.

Kwa mabingwa wazungu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangu enzi za John L. Sullivan, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1880, wengi wao walikuwa wametangaza waziwazi kwamba hawapigani na mtu mweusi. Peter Jackson, bondia mweusi mzaliwa wa visiwa vya Karibi aliyekulia kimchezo Australia, alipigana raundi 61 na mzungu Jim Corbett mjini San Francisco mwaka 1891, mpaka mwamuzi akalisimamisha pambano bila mshindi. Mwaka uliofuata Corbett alipewa pambano na Sullivan, akawa bingwa. Jackson hakupewa. Na baada ya Johnson kumpiga Jim Jeffries, mzungu aliyewahi kuwa bingwa, mjini Reno, Julai 1910, watu weusi walivamiwa na kuuawa katika miji mbalimbali ya Marekani. Johnson alipoupoteza ubingwa ulingoni mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuugombea ule wa uzito wa juu mpaka Joe Louis, mwaka 1937. Harry Wills, bondia mweusi, alisaini mpaka mkataba wa kupigana na Jack Dempsey, bingwa wa wakati huo, na pambano halikufanyika.

Sasa fikiria maisha ya Langford katika miaka hiyo. Wazungu wengi wenye majina hawamtaki, bingwa mweusi hamtaki, na yeye anaishi kwa ngumi. Wanabaki yeye, Wills, Joe Jeannette na Sam McVey, mabondia wanne ambao yeyote kati yao angeweza kuwa bingwa, wakipigana wao kwa wao mwaka baada ya mwaka. Langford na Wills peke yao walikutana zaidi ya mara 15. Walizunguka Boston, Paris, Sydney, Panama. Kila mmoja anamjua mwenzake mpaka anavyovuta pumzi, na bado kila mara ngumi ni zilezile za kuvunja mbavu. Hakuna bingwa wa leo anayekubali ratiba ya namna hiyo, na sidhani kama yupo ambaye angeimaliza.

Dempsey, ambaye kizazi chake kilimwona kama simba, alikiri baadaye katika kumbukumbu zake kwamba ujanani alikataa kupigana na Langford kwa sababu alijua atapigwa. Mwanangu, hebu lipime neno hilo. Limetoka kwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na anayemzungumzia alianzia uzito mwepesi!

Mwaka 1917, katika pambano na Fred Fulton mjini Boston, Langford alipoteza uwezo wa jicho moja. Hakuacha. Aliendelea karibu miaka 10 mingine, la pili nalo likififia, akipigana kwa kumsogelea mpinzani mpaka amguse ndipo ajue apige wapi. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York Herald Tribune, Al Laney, alipoanza kumtafuta, wengi walimwambia Langford ameshakufa. Akamkuta Harlem, kwenye chumba cha kupanga, kipofu, maskini kabisa. Habari yake ilipotoka wasomaji walichanga fedha, ukawekwa mfuko wa kumtunza, na Langford akaishi mpaka Januari 1956. Nafurahi kwamba alitunzwa. Lakini naumia kwamba mtu aliyezijaza kumbi nyingi hivyo alifikia kutunzwa na wasamaria, ilhali waliomkwepa waliitwa mabingwa.

Wa pili ninayetaka umjue ni Charley Burley wa Pittsburgh. Huyu ni wa miaka ya 1940, uzito wa welta na wa kati. Alipigana mara 3 na Fritzie Zivic, akashinda 2. Zivic ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa welta mwaka 1940. Na Burley? Upande wa Zivic uliuchukua mkataba wake, na mtu hapigani na bondia wa kambi yake mwenyewe. Aprili 1944 alimshinda Archie Moore na kumwangusha zaidi ya mara moja. Moore alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1952, akakaa na ubingwa kwa miaka mingi, na mpaka uzeeni alisema Burley ndiye bora kuliko wote aliowahi kukutana nao. Katika mapambano yake yote karibu 100 Burley hakuwahi kupigwa nokauti wala kusimamishwa. Alimaliza maisha yake ya kazi akizoa taka kwa ajili ya jiji la Pittsburgh, bila pambano hata moja la ubingwa wa dunia.

Mlango unaweza kufungwa na serikali pia. László Papp wa Hungaria alikuwa wa kwanza kuchukua dhahabu 3 za ngumi za Olimpiki, 1948, 1952 na 1956. Fainali ya mwisho alimshinda José Torres, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Papp alipoingia ngumi za kulipwa umri ulikuwa umekwenda, na ilibidi apiganie nje kwa sababu nchi yake ya kikomunisti haikuzitambua. Akawa bingwa wa Ulaya. Alipokaribia kugombea ubingwa wa dunia, serikali ikamzuia kusafiri. Akastaafu ameshinda 27, sare 2, hajapoteza hata moja.

Hata hivyo usiwaweke wote kapu moja, maana mwenzako wa kazini atakukamata hapo. Wapo waliopewa nafasi wakashindwa. Earnie Shavers alikuwa na ngumi nzito ajabu, alimsumbua Muhammad Ali mwaka 1977, alimwangusha Larry Holmes mwaka 1979, na mara zote mbili alishindwa kihalali. Nampenda Shavers, lakini simlilii kama ninavyomlilia Langford.

Na kwa majirani zetu Wakenya, jambo ni gumu zaidi. Philip Waruinge wa Nakuru alipata shaba tu Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, uzito wa unyoya, baada ya kushindwa nusu fainali na mwenyeji, Antonio Roldán, kwa waamuzi waliogawanyika. Kisha akapewa Kombe la Val Barker, la bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote kwenye mashindano. Mwaka huo George Foreman naye alikuwepo, akachukua dhahabu ya uzito wa juu, na kombe likaenda kwa Mkenya mwenye shaba. Mwaka 1972 Waruinge akaongeza medali ya fedha ya Olimpiki. Akaenda Japani kwenye ngumi za kulipwa, na mwaka 1976 akagombea ubingwa wa dunia Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa. Nafasi aliipata, ni kweli, lakini umri ulishakwenda, na aliipatia ugenini. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1978, alikosa Olimpiki mbili kwa sababu Kenya ilisusia ile ya 1976 na ile ya 1980. Alipogombea mkanda wa kulipwa mwaka 1982, Santos Laciar alimsimamisha raundi ya 13.

Umeniuliza pia kuhusu Titus Simba wetu. Mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati akapata medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh wa Uingereza, na miaka 4 baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia. Jivunie Simba, na umtaje mbele ya watu. Ila kwenye orodha ya wakubwa walionyimwa simwingizi, kwa sababu mkanda wa kulipwa hakuufukuzia.

Umetaka niwapange. Langford wa kwanza, na wa pili yuko mbali nyuma yake. Burley wa pili, Jackson wa tatu, Papp wa nne. Wills angekuwa juu zaidi kama si kwamba Langford alimpiga nokauti mara mbili, kwa hiyo namweka wa tano. Waruinge namweka baada yao, akiwa ndiye fundi kuliko wote waliowahi kutoka pande zetu bila ubingwa wa dunia. Mwenzako akibisha kuhusu Wills, mwache abishe, hapo ana hoja. Akibisha kuhusu Langford, mpe majina matatu, Johnson, Gans na Dempsey, umweleze kila mmoja alifanya nini.

Mimi baba yako